Mpemba Likizoni Grenada

Mama yangu aliposikia nimekata tiketi ya kwenda kisiwani, alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Umezaliwa kisiwani, ukakimbilia nchi za baridi, sasa unatoa fedha zako kwenda kisiwani. Huko kuna nini ambacho Wete hakuna?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na siku tisa za likizo, na baridi ya Toronto iliyokwisha kuniingia mifupani. Na nilikuwa na mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Grenada, ambaye kila tukikaa kunywa chai hutoa kungumanga mfukoni mwa koti akaikwangua juu ya kikombe. Kungumanga nzima, na kikwangulio chake kidogo cha bati. Mara ya kwanza kumwona nilicheka peke yangu, kwa sababu sijapata kumwona mtu wa nje ya kwetu anayetembea na kiungo mfukoni. Yeye ndiye aliyeniambia: ukitaka kuiona Karibi usijifungie kwenye hoteli yenye ukuta, nenda kwetu, shangazi yangu ana chumba Gouyave.

Basi wiki mbili baada ya Idi, Aprili 2024, nikapanda ndege. Ni safari ya saa tano na ushei kutoka Toronto, fupi kuliko nilivyodhani.

Kwanza ukubwa wake, maana hilo lilinishangaza. Grenada ni nchi kamili, ina bendera, bunge na kiti Umoja wa Mataifa, na eneo lake lote ni kilomita za mraba 344, ukihesabu na visiwa vidogo vya Carriacou na Petite Martinique. Pemba yetu ni kubwa zaidi ya mara mbili. Na kwenye hiyo bendera, upande wa mlingoti, kuna tunda la kungumanga lililopasuka. Mtu wa Zanzibar akiiona lazima akumbuke kwamba na sisi tuliwahi kuwa na bendera yenye karafuu mbili katikati, ile iliyopepea kuanzia Desemba 1963 mpaka Januari 1964. Mwezi mmoja tu. Ya Grenada imepepea tangu uhuru wao, tarehe 7 Februari 1974, na bado ipo.

Uwanja wa ndege una jina la Maurice Bishop. Nitarudi kwake.

Jambo la pili lililonifanya nijione nimefika kwa jamaa ni salamu. Ukipanda basi Grenada unasalimia basi zima. Unaingia, unasema habari za asubuhi kabla hujatafuta pa kukaa, na basi zima linaitikia, hata kijana aliyevaa vidude vya masikioni. Dukani ni vilevile. Ukienda moja kwa moja kwenye bei utahudumiwa, lakini kwa uso wa kuazima. Nilimwona mtalii mmoja pale mjini akiuliza bei ya maji mara tatu na kupewa jibu la mkato kila mara. Akatoka akilalamika kwamba watu wa hapa ni wakali. Mimi nililelewa na bibi ambaye ungempita bila shikamoo angekurudisha mpaka mlangoni uanze upya. Sikupata taabu.

Na mabasi yenyewe ni daladala. Sina neno jingine. Vibasi vidogo vyenye majina kwenye kioo cha mbele, konda anayening'inia mlangoni akiwapanga abiria kama dagaa, na muziki wa soca unaotikisa vioo. Namba 1 inakwenda ufukwe wa Grand Anse, namba 5 inapanda pwani ya magharibi hadi Gouyave. Tofauti moja tu: ukitaka kushuka hupigi ukelele wa "shusha", unagonga dari kwa vifundo vya vidole. Jioni mabasi huadimika na Jumapili karibu hakuna, kwa hiyo panga mapema. Na ukitajiwa bei ya "dola", uliza dola ipi. Wanatumia dola ya Karibi Mashariki, ambayo tangu mwaka 1976 ni 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Dereva wa teksi anajua hesabu hiyo kuliko wewe.

Grand Anse ndio ufukwe unaopigwa picha zote. Mchanga mweupe, kilomita tatu hivi, maji yametulia kama kwenye beseni. Nilikwenda siku ya kwanza na nikaondoka baada ya saa chache, na nitasema kwa nini hata kama wenye kampuni za utalii watanuna: kwa mtu aliyezaliwa pwani, ufukwe si kitu cha kusafiria. Ila jambo moja pale lilinikaa kichwani. Niliacha kandambili pale maji yalipoishia, nikaogelea, nikalala, nikaamka, na maji yalikuwa palepale. Bahari ya Karibi haipwi wala haijai, au tuseme hupwa kwa kiasi ambacho jicho la mgeni halioni. Kwetu bahari ikipwa inakuachia uwanja mzima. Wanawake wanashuka na ndoo, wanachokoa pweza, wanafunga mwani, watoto wanafukuza kaa. Mtu unajua saa kwa kutazama maji. Hii bahari isiyopwa niliiona kama mtu asiyelala. Nzuri sana, lakini sikuweza kukaa nayo raha.

Nikahamia mjini. St. George's, mji mkuu, umejengwa kuzunguka bandari yenye umbo la kiatu cha farasi wanayoiita Carenage, nyumba zimepanda mlimani moja juu ya bega la nyingine, paa nyekundu, ngazi kila mahali. Kati ya bandari na upande wa pili wa mji kuna handaki la Sendall, lililochimbwa miaka ya 1890, ambamo magari na waenda kwa miguu wanagombea giza moja. Pita, lakini jibane ukutani. Ukitokea upande wa pili uko sokoni, na Jumamosi asubuhi soko limejaa: manjano, tangawizi, mdalasini wa magome mazima, majani ya bay, karafuu. Wanawauzia watalii shanga zilizotungwa kwa viungo ili wavae shingoni. Nilizinusa nikacheka. Karafuu zilikuwa nzuri lakini zimechumwa zimechelewa, zimeshafunguka. Sikusema kitu. Mgeni hakosoi karafuu ya mwenyeji wake siku ya pili.

Juu ya bandari iko ngome, Fort George, iliyojengwa na Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 18. Watu hupanda kwa ajili ya mandhari, na mandhari ni ya kweli, unaona meli, mji na bahari mpaka mwisho wa macho. Lakini uani kuna ukuta na kibao. Mbele ya ukuta huo, tarehe 19 Oktoba 1983, Maurice Bishop, waziri mkuu aliyeingia madarakani kwa mapinduzi ya Machi 1979, alipigwa risasi pamoja na wenzake saba, na waliofanya hivyo walikuwa watu wa upande wake mwenyewe. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakatua kisiwani. Miili ya Bishop na wenzake haijapatikana mpaka leo. Uwanja wa ndege alioanza kuujenga kwa msaada wa Wacuba, ambao Marekani ilidai ni wa kijeshi, ndio huo huo uliopewa jina lake mwaka 2009, na ndio unaoshusha watalii wa Marekani.

Jioni nilimwuliza mwenyeji wangu anakumbuka nini kuhusu mwezi ule. Alikuwa akimenya ndizi mbichi. Aliendelea kumenya, akasema kulikuwa na amri ya kutotoka nje na walikula walichokuwa nacho ndani, kisha akaniuliza kama kwetu mvua za masika zimeanza. Sikuuliza tena. Mimi natoka mahali ambapo pia kuna miaka ambayo wazee huiruka wakisimulia.

Nimemtaja mwenyeji wangu. Wenzake walimwita Tantie, jina wanalopewa wanawake wa makamo wanaoheshimiwa, na mimi nikalichukua hilohilo. Yeye aliniita mwanangu tangu mlangoni. Nyumba yake ya mbao iko Gouyave, mji wa wavuvi, barabara mbili na kanisa, na hapo ndipo nilipotumia siku nyingi zaidi ya nilivyopanga. Ndipo pia alipozaliwa Kirani James, aliyeshinda mita 400 kwenye Olimpiki ya London 2012 na kuiletea Grenada medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Nilipomwambia kijana mmoja wa pale kwamba siku tatu baadaye, kwenye uwanja uleule, Rudisha wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya mita 800, alinipa mkono kama vile nilikimbia mimi.

Kiwanda cha kungumanga cha Gouyave ni jengo la mbao la ghorofa, la ushirika wa wakulima ulioanzishwa mwaka 1947. Mzanzibari hahitaji kuelezwa: mkulima analeta zao lake, linapimwa, linapewa daraja, analipwa kwa bei iliyopangwa, anarudi nyumbani akinung'unika. Harufu inakupokea nje kabla ya mtu. Ndani kungumanga zimetandazwa kwenye matabaka ya mbao, wiki kwa wiki, zinakauka kivulini zikiwa bado ndani ya ganda lake la kahawia, na wafanyakazi wanazipindua ili zisiote ukungu. Zikishakauka zinavunjwa, zinatiwa kwenye maji: nzito zinazama, hizo ndizo nzuri, nyepesi zinaelea, hizo huenda kukamuliwa mafuta na kazi nyingine. Wanawake wamekaa kwenye meza ndefu wanachambua kwa vidole vyenye kasi ambayo nimeiona mahali pamoja tu, kwenye majamvi ya karafuu Pemba, mama zangu wakitenga makonyo.

Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye kilemba, alichukua kungumanga yenye ganda, akaisogeza sikioni mwangu na kuitikisa. Ikalia ndani kama jiwe kwenye kibuyu. Iliyokauka hulia, akasema. Iliyo mbichi haisemi kitu. Halafu akanionyesha basibasi, ule utando mwekundu unaoizunguka kungumanga kama vidole. Ukitoka tundani ni mwekundu wa damu. Wanaukausha, wanauweka kwenye makasha ya giza kwa miezi, unatoka rangi ya machungwa iliyofifia, na bei yake iko juu. Niliwaambia kwamba kwetu tuna neno moja kwa ajili yake, basibasi. Wakalijaribu. Kwa dakika mbili meza nzima ilikuwa ikisema "basibasi" na kucheka, na msimamizi akaja kutazama kuna nini.

Kitu nilichowaonea wivu ni nyama ya lile tunda, ganda nene la manjano la nje. Kwetu mara nyingi huachwa chini ya mti likaoza. Wao wanalipika jemu na sharubati, na maganda magumu ya ndani wanayamwaga kwenye vijia vya bustani badala ya kokoto. Ukitembea juu yake yanakwaruza kwa sauti nzuri, na hayanuki bure.

Lakini kiwanda kilikuwa na nafasi tupu nyingi. Nikauliza. Kila mtu hapa ana tarehe moja mdomoni: 7 Septemba 2004, kimbunga Ivan. Karibu nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika, na mikungumanga ikalala chini kisiwa kizima. Kabla ya hapo ni Indonesia tu iliyowazidi kwa kungumanga duniani. Mwaka 1955 kimbunga Janet kilikuwa kimefanya hivyohivyo, wakapanda upya. Ila mkungumanga si mti wa haraka. Una dume na jike, na huwezi kujua umepanda upi mpaka uchanue, miaka sita, saba baadaye. Mzee akipanda akiwa na miaka 60, anampandia mwingine. Baada ya Ivan wengi hawakupanda tena, wakaenda kwenye kokoa, au wakaenda Toronto.

Nikawasimulia kimbunga chetu. Watu wengi hawajui kwamba Unguja ilipigwa na kimbunga mwaka 1872, mikarafuu ya huko ikang'oka kwa wingi, na Pemba, ambayo haikuguswa sana, ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu tangu hapo. Tantie alifikiri kidogo akauliza, "Kwa hiyo ninyi mlitajirika kwa upepo wa jirani?" Nikamjibu kwamba kutajirika ni neno kubwa, kwa sababu karafuu ni zetu mpaka zipimwe tu. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Ijumaa usiku Gouyave inafunga barabara na kupika samaki. Mtu wa Unguja atasema ni Forodhani, na hatakuwa mbali: majiko ya mkaa, kamba, samaki waliofungwa kwenye karatasi ya fedha na vitunguu na pilipili, mikate ya samaki, muziki, watoto wanaotakiwa kuwa wamelala. Ila wanaokula wengi ni wenyeji. Nilikula mpaka nikaona aibu. Kama huna gari, kubaliana na dereva mapema juu ya safari ya kurudi. Mimi nilikuwa na bahati ya kulala hatua mia moja kutoka pale.

Sasa chakula kilichonimaliza. Kinaitwa oil down, na ndicho chakula cha taifa. Jumapili Tantie alikoka moto nje, chungu kikubwa kama cha shughuli. Chini mashelisheli yaliyokatwa vipande, juu yake ndizi mbichi, vidonge vya unga, majani ya majimbi, kisha tui zito la nazi lililotiwa manjano mpaka likawa kama jua. Hakikorogwi. Kinafunikwa na kuachwa mpaka tui lote linywewe na mafuta tu yabaki chini ya chungu, na ndiyo maana ya jina lake. Nilisimama pale nikiwa nimetoka Ramadhani wiki mbili tu zilizopita, na mbele yangu kulikuwa na futari ya mashelisheli. Ileile, na harufu yake ileile.

Kasoro moja: wao hutia nyama ya nguruwe ya chumvi. Nilimwambia Tantie taratibu kwamba mimi sili. Hakuuliza kwa nini. Akaingia ndani akatoka na samaki mkavu wa chumvi, ng'onda kabisa, akautia kwenye kisufuria changu cha pembeni.

Shelisheli lenyewe lina historia ambayo haisemwi mezani. Waingereza walilileta Karibi kutoka Tahiti, likafika St. Vincent, jirani yao wa kaskazini, mwaka 1793, ili watumwa wa mashamba ya miwa walishwe kwa gharama ndogo. Inasemekana watumwa hawakulipenda. Vizazi vilivyofuata vikalitia nazi, manjano na chumvi, na leo ni sherehe.

Hilo la utumwa huwezi kulikwepa kisiwani humu, na sidhani mtu ajaribu. Kaskazini mwa St. George's, katika ghuba ya Molinere, kuna bustani ya sanamu chini ya bahari, ya kwanza ya namna yake duniani, iliyoanza mwaka 2006 kwa kazi ya Mwingereza Jason deCaires Taylor. Unapelekwa kwa boti, unavaa miwani na mrija, unatazama chini. Sanamu inayojulikana zaidi ni duara la watoto 26 wamesimama mchangani wameshikana mikono, nyuso zimeelekea nje, na matumbawe yameota usoni. Nahodha wetu alisema ni ukumbusho wa watumwa waliotupwa baharini. Msanii mwenyewe amesema hakuwa na nia hiyo. Alichukua maumbo ya watoto wa hapa walio hai na alikuwa akifikiria wakati na mazingira. Lakini mimi pale juu, nimelala kifudifudi juu ya maji, nilimwamini nahodha. Nilikumbuka Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa, zile sanamu tano za Clara Sörnäs ndani ya shimo karibu na kanisa, na mnyororo shingoni. Za Mkunazini unaziangalia kutoka juu pia. Samaki wa manjano alipita katikati ya mikono miwili ya mawe, nikapandisha kichwa kuvuta pumzi.

Kuhusu milima nitasema kidogo, kwa sababu siku niliyokwenda ukungu ulifunga kila kitu. Grand Etang ni ziwa lililojaa kwenye shimo la volkano, mita 530 hivi juu ya bahari, msitu umelizunguka. Kuna kima wanaoitwa mona, ambao mababu zao waliletwa na meli za watumwa kutoka Afrika Magharibi. Mmoja aliniibia ndizi bila kunisalimia, kinyume na desturi ya nchi. Katika milima hii ndimo Julien Fédon alimoweka kambi mwaka 1795, akawaongoza watumwa na watu huru weusi na machotara, wakaikamata karibu Grenada yote kwa zaidi ya mwaka. Waingereza waliizima vita, lakini yeye hawakumpata. Ukishuka upande wa mashariki unapita karibu na La Digue, alikozaliwa Louise Little, mama yake Malcolm X. Mwanawe alifika Dar es Salaam mwaka 1964. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba kijiji cha mamaye kinanuka kokoa.

Kokoa, naam. Kwenye shamba la Belmont wanaichachusha na kuianika, na watu wanatembea ndani ya mbegu kwa miguu wakiburuza nyayo ili zigeuke zikauke sawasawa. Mtu wa Kyela angewapa alama. Chai yao ya kokoa, yenye mdalasini, kungumanga na jani la bay, ndiyo niliyokunywa kila asubuhi, na ndiyo ninayokunywa sasa nikiandika. Jirani yake ni kiwanda cha pombe cha River Antoine, ambacho tangu 1785 kinasaga miwa kwa gurudumu linalosukumwa na maji ya mto. Mimi si mnywaji, nilikwenda kwa ajili ya gurudumu, na linastahili. Pombe yenyewe ina kilevi asilimia 75, hairuhusiwi hata kupanda ndege.

Kaskazini kabisa, Sauteurs, kuna jabali juu ya bahari ambapo mwaka 1651 Wakaribi, wenyeji wa asili, walijirusha badala ya kukamatwa na Wafaransa. Jina la mji maana yake ni "warukaji". Nilisimama kidogo nikaondoka.

Mvua ilinikuta kwenye ufukwe mmoja mdogo baada ya hapo. Nikakimbilia chini ya mti wenye kivuli kizuri na vitunda vya kijani kama tufaha changa. Mwanamume aliyekuwa akishona nyavu akanipigia ukelele ambao sikuuelewa maneno yake ila niliuelewa. Nikatoka. Mti ule ni manchineel. Utomvu wake unachoma ngozi, na mvua ikiutiririsha juu yako unatoka malengelenge. Vitunda vyake ni sumu, ndiyo maana Wahispania waliviita vitufaha vya mauti. Kama utakumbuka jambo moja tu la manufaa kutoka makala hii, likumbuke hilo: Karibi usijikinge mvua chini ya mti wa ufukweni usioujua. Nilimshukuru yule bwana. Akaniambia nilipaswa kusalimia kwanza, angenieleza mapema.

Usiku huohuo nilikwenda Levera kuona kasa wakubwa, wale wasio na gamba gumu, mgongo kama ngozi ya ngoma, wanaopanda kutaga kuanzia Machi mpaka katikati ya mwaka. Lazima uende na waongozaji wenye kibali, taa nyekundu tu, hakuna picha za mwanga. Tulikaa gizani saa tatu. Akaja mmoja, mkubwa kama meza ya watu sita, akafukia mayai yake kwa subira ya fundi, akageuka akarudi. Hakuna aliyesema neno mpaka alipopotea.

Carriacou sikwenda. Feri inaondoka palepale Carenage, na nilikuwa nimeahidiwa kuonyeshwa mafundi wa kule wanaounda mashua za mbao ufukweni kwa jicho na kumbukumbu, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2023. Mjomba wangu ni fundi wa majahazi, ningempelekea habari. Lakini siku ya feri nilichoka, Tantie alikuwa anapika, nikasema nitakwenda mara nyingine. Tarehe 1 Julai 2024, wiki chache baadaye, kimbunga Beryl kilipita juu ya Carriacou na kuharibu au kubomoa karibu kila nyumba. Nilisoma habari hizo nikiwa zamu ya usiku, na mwenzangu wa kazini alikuwa amekaa sakafuni kwenye ukumbi na simu sikioni, akingoja mtu apokee. Walipokea kesho yake mchana. Walikuwa hai.

Siku ya kuondoka Tantie alinipa mfuko: basibasi, mdalasini, na kungumanga ishirini zikiwa ndani ya maganda. Nilipofika Toronto nikampigia mama simu ya video kumwonyesha. Akatazama, akavaa miwani, akatazama tena. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu kiwanda.

"Chukua moja," akasema. "Isogeze kwenye simu. Itikise."

Nikaitikisa. Ikalia.

Mama akakaa kimya. "Huyo aliyeikausha anajua kazi," akasema. "Muulize kwao kilo ya karafuu wanauza kiasi gani."